Uliza Fundi: Kengele imelia, dawa bado iko kwenye kopo

Haya wadau, toleo lililopita niliwaomba mnitumie maswali kuhusu vikumbusho vya nyumbani, yaani vile vidude vya kukumbusha dawa, gesi, luku na mengine yanayotutoroka kichwani, na mmeleta mengi mpaka mhariri kaniambia nipunguze. Nimechagua haya. Ukiona la kwako halimo soma la mwenzio, mengi yanafanana.

Shikamoo fundi. Bibi yangu ana presha, anatakiwa anywe dawa asubuhi na usiku. Nilimwekea alamu kwenye simu yake, inalia, anaizima, anaendelea kufagia uwanja, jioni tukihesabu vidonge tunakuta havijapungua. Siku nyingine tunakuta vimepungua viwili asubuhi moja. Mi nasoma umeme VETA, nataka nimtengenezee kitu cha Arduino, zile bodi ndogo za umeme unazozipangia kazi kwa programu, kipige kelele sana mpaka anywe. Nianzie wapi? (Mjukuu, Tanga)

Marahaba mjukuu, bibi kapata mtu. Ila hilo la kelele sana achana nalo kabisa.

Bibi anasikia, we mwenyewe umeandika kwamba anaizima. Shida ni kwamba simu iko uwanjani kwenye pindo la kanga na dawa iko ndani kabatini, na kati ya hapo na kabatini kuna jirani anabisha hodi, kuna kuku kaingia jikoni, kuna maji yanachemka, akifika mlangoni keshasahau alikuwa anaenda kufanya nini. Ukiongeza kelele utakachomfundisha ni kuizima haraka zaidi. Kwa hiyo kazi ya kwanza haina waya hata mmoja: jua bibi anakaa wapi kila asubuhi bila kukosa. Kama ni pale anaponywea chai, dawa ihamie pale, na kidude kiwe ndo hilo kopo la dawa lenyewe.

Sasa kuhusu kitufe cha kuzimia, usiweke. Nasema usiweke. Chukua swichi ya sumaku, zile ndogo mbili mbili wanazofunga milangoni kwa ajili ya alamu za wezi, sumaku unaibandika kwenye mfuniko, swichi kwenye mwili wa kopo, waya mbili zinaenda kwenye bodi. Kinachonyamazisha sauti ni kufungua mfuniko, basi. Akitaka amani lazima mkono ufike kwenye dawa, na mkono ukishafika pale na chai ipo mbele yake, mara nyingi atakunywa. Anaweza kufungua akafunga bila kunywa? Anaweza, na hakuna sensa ya bei yetu itakayokwambia kidonge kimefika tumboni. Hata watafiti wanaotumia vifuniko vya elektroniki kwenye makopo ya dawa wanachohesabu ni kufunguliwa tu, kwa hiyo usijitese hapo.

Jitese kwenye hili la vidonge viwili, maana mi naliona ndo kubwa kuliko la kutokunywa. Bibi hajui kama keshakunywa au bado, anaona bora anywe tena. Kikumbusho chako lazima kijibu hilo swali saa yoyote akilitazama kopo. Weka taa ndogo ya kijani inayowaka mfuniko ukishafunguliwa kwa wakati wake na kubaki inawaka mpaka dozi inayofuata ikaribie, na akifungua tena kabla ya muda kopo limwambie kwa upole kwamba asubuhi hii keshafungua. Halafu ndani ya kopo weka kile kiboksi cha plastiki chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na usiku, vipo maduka ya dawa, hakitaki umeme wala programu, chumba cha Jumanne asubuhi kikiwa kitupu maana yake Jumanne asubuhi imeshapita. Kwa kweli kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya kile kiboksi na Arduino yako ningechukua kiboksi, samahani.

Sauti nayo. Zile buza ndogo za bei rahisi zinapiga mluzi wa kama hezi 2,000 mpaka 4,000, na masikio ya wazee yanaanza kupoteza huko huko juu, we unasikia inatoboa sikio na bibi anasikia kitu kama mbu chumba cha pili. Kwenye alamu za moto za vyumba vya kulala, kanuni ya Marekani inayoitwa NFPA 72 inataka sauti nzito ya hezi 520, kwa sababu walipopima waliona inaamsha watu vizuri kuliko ule mluzi mwembamba, hasa wenye usikivu hafifu. Kwa hiyo tumia spika, sio buza. Na ukishaweka spika kwanini usiweke sauti ya mtu: moduli ya DFPlayer Mini inapiga faili za MP3 kutoka kwenye kadi ya memori, unarekodi kwa simu yako, "bibi, chai ipo, na dawa yako ipo hapo hapo." Fupi. Sauti iwe ya mtu anayemjua, na usitaje ugonjwa, wageni wanaingia wanatoka.

Mpangilio uwe hivi: muda ukifika taa iwake kimya kama dakika kumi, asipofungua sauti iseme mara moja, inyamaze, dakika kumi baadaye irudie, ikipita saa nzima inyamaze kabisa na itume meseji kwako. Kidude kinacholia bila kukoma mwisho wake ni kuchomolewa waya, na hakuna programu ya kuzuia hilo.

Mambo mawili ya haraka. Kwenye programu saa mbili asubuhi ni 8, sio 2, unaweza kucheka ila bibi akisemeshwa na kopo usiku wa manane hatakusamehe. La pili, nendeni kwa daktari mkaulize kama lazima iwe mara mbili kwa siku, maana dawa kadhaa za presha, mfano amlodipine, kawaida ni mara moja tu kwa siku. Usibadili wewe, muulize yeye. Ikitoka mara mbili ikawa mara moja umepunguza nusu ya kazi ya kukumbusha bila kuyeyusha risasi ya kuungia waya hata tone.

Assalaam aleikum fundi. Mimi nafanya kazi Muscat, mama yangu yuko Pemba, ana sukari, anatumia vidonge. Nimeweka programu inamtumia meseji kila siku asubuhi na jioni, mwanzo alikuwa anajibu, siku hizi hajibu, na ndugu zangu wanasema hata hazisomi. Pia ananambia zinafika saa siyo. Nizidishe ziwe tatu? (Mtoto wa Pemba)

Waaleikum salaam. Usizidishe ndugu yangu, punguza.

Hili lishapimwa, na lilipimwa hapo jirani Kenya. Magharibi ya Kenya, kituo cha afya cha Chulaimbo, walichukua watu 431 waliokuwa wameanza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, wengine wakatumiwa meseji kila siku, wengine mara moja kwa wiki, wengine hawakutumiwa, na makopo ya dawa yakawa na vifuniko vinavyorekodi kila yanapofunguliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2011: kwa wiki 48, waliofikisha asilimia 90 ya dozi zao walikuwa asilimia 53 kwenye kundi la mara moja kwa wiki, na asilimia 40 kwa wasiotumiwa chochote. Na wale wa kila siku? Hawakuwa na nafuu yoyote ya maana kuliko wasiotumiwa. Meseji ndefu zenye maneno ya kutia moyo nazo hazikuongeza kitu juu ya fupi. Mi nilitegemea kila siku ishinde, we je? Nadhani kinachotokea ndo hicho cha mama yako, kitu kinachokuja kila siku saa ile ile kinageuka kuwa sehemu ya ukuta, jicho linakipita.

Kuna na watafiti wengine walioanza mwaka 2007 kwenye kliniki tatu, mbili Nairobi na moja Kajiado, wagonjwa 538 wa dawa hizo hizo, hawa ndo nawapenda zaidi. Kila Jumatatu nesi alikuwa anatuma neno moja tu, "Mambo?" Mgonjwa anajibu sawa au shida, ana masaa 48, akijibu shida au akikaa kimya nesi anapiga simu. Hakuna dawa iliyotajwa, hakuna kliniki, mtu akiiona hiyo meseji kwenye simu yako anaona salamu. Mwaka 2010 wakatoa matokeo, waliotumia dawa ipasavyo asilimia 62 dhidi ya 50 ya wasiotumiwa. Angalia hapo mashine inauliza na mtu anasubiri jibu, na jibu lina matokeo. Meseji zako wewe mama ajibu asijibu hakuna kinachotokea, sasa ajibu ya nini?

Kwa hiyo fanya mara moja kwa wiki, chagua siku ambayo uko huru, muulize hali kama mtoto anavyomuuliza mama yake, na akisema shida au akinyamaza siku mbili mpigie, wewe, sio programu. Ukumbusho wa kila siku uache pale pale alipo, kopo mezani kama nilivyomwambia mjukuu wa Tanga, au mjukuu wa hapo nyumbani.

Kuhusu saa: Oman iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Programu yako inafuata saa ya simu yako, unaposema saa moja asubuhi ya Muscat kule Pemba ni saa kumi na mbili, mama bado yuko kwenye mkeka wake wa alfajiri. Weka kanda ya saa ya programu iwe Afrika Mashariki, usijumlishe wala kutoa kwa mkono maana utasahau ukija likizo.

Na Ramadhani jiandae mapema. Kama mama anafunga, muda wa dawa ya sukari lazima daktari aupange upya kabla ya mwezi kuingia, usimpangie wewe. Mkishapangiwa, funga ukumbusho kwenye futari na daku, sio kwenye saa ya ukutani, kwa sababu hivyo ni vitu ambavyo nyumba nzima inavifanya pamoja na kuna mtu wa kusema "mama dawa" wakati tende inazunguka.

Fundi, kaka yangu alipata ajali ya bodaboda akaumia kichwa. Amepona, anaongea vizuri, ya zamani yote anayakumbuka, mpaka namba za simu. Lakini ukimwambia mchana ukachukue mtoto shule anasema sawa na hafanyi, na sio jeuri, kweli anasahau. Shemeji amechoka. Kuna kifaa? (Dada, Arusha)

Poleni sana. Kwanza mwambie shemeji kwamba hili linajulikana, kukumbuka yaliyopita na kukumbuka kufanya jambo lijalo ni kazi mbili tofauti za ubongo, na moja inaweza kuumia nyingine ikabaki nzima. Ukimwona anasimulia ya 2005 vizuri halafu kamsahau mtoto getini usidhani anaigiza.

Kifaa kilikuwepo toka zamani na historia yake inafaa kusikiwa. Kule California kulikuwa na injinia anaitwa Larry Treadgold, mwanae aliumia kichwa, akashirikiana na mtaalamu mmoja wa saikolojia ya ubongo wakatengeneza NeuroPage: peja ya kawaida ya kuvaa kiunoni, inatetemeka, inaonyesha maneno, ina kitufe kimoja kikubwa, basi. Uingereza, timu ya Barbara Wilson ikaijaribu kwa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu, matokeo yakatoka 2001, zaidi ya asilimia 80 walifanya mambo yao vizuri zaidi wakiwa na peja kuliko bila. Na kilichowashangaza, wengi waliendelea vizuri hata wiki saba baada ya kuirudisha peja, yaani ratiba ilikuwa imeshaingia mwilini.

Peja huna, ila simu ya kitochi unayo, na kwa kaka yako mi naona kitochi ni bora kuliko simu janja, akiishika kusoma ujumbe haimpeleki kwenye video. Iwe na mtetemo, ikae mfukoni mwake muda wote, isiwe mezani. Ujumbe uandike naye, kwa maneno yake mwenyewe, kitu kimoja kila ujumbe, kianze na kitendo: "Vaa viatu, nenda shule kwa mtoto." Usiandike "kumbuka mtoto", hilo litampa wasiwasi bila kumwambia miguu iende wapi. Utumwe wakati ambapo akisimama hapo hapo atawahi, sio nusu saa kabla, nusu saa kwake ni mwaka. Anzeni na mambo machache ambayo yakikosekana kuna madhara, na kumchukua mtoto kwa sasa shemeji awe na mtu wa akiba, hapo msitegemee kifaa peke yake.

Sasa fundi. Nimejenga karimainda kangu na ESP32, bodi ndogo kama Arduino lakini iko na Wi-Fi, ya kuamsha watoto shule na kukumbusha housegirl chakula cha mtoto mdogo. Kila stima ikipotea inarudi ikidhani ni saa sita usiku, inaanza kuita watu saa mbaya. Nikaweka pawabenki, nayo inajizima yenyewe baada ya muda mfupi na iko na chaji. Nimechoka nayo. (Baba Twins, Nakuru)

Poa sana Baba Twins. Hapo una magonjwa mawili.

La saa: ESP32 haina saa yenye betri yake. Wengi mnategemea ichukue saa kwenye intaneti, sawa, lakini stima ikipotea rauta nayo imelala. Nunua moduli ya saa ya DS3231, pale Luthuli Avenue hukosi ukienda Nairobi. Usichukue DS1307 kwa sababu ni rahisi zaidi, ile joto likipanda na kushuka inachepuka. DS3231 inajipima joto na kujirekebisha, kosa lake ni kama dakika moja kwa mwaka. Angalizo moja tu: zile bodi za bluu za bei rahisi zina saketi ya kuchaji betri, imewekwa kwa ajili ya LIR2032 inayochajika, wauzaji na mafundi wanatia CR2032 ya kawaida ambayo haichajiki, ikipewa volti tano kila siku inavimba. Ng'oa kale karezista kadogo kalikoandikwa 201 karibu na dayodi, au weka betri yake sahihi.

La pawabenki: pawabenki nyingi zimetengenezwa kuchaji simu, zikiona kinachovutwa ni kidogo sana zinaamini simu imejaa na zinakata. Hako kadude kako kakilala kanakula umeme wa kitoto, kwa hiyo zinakata. Tafuta zile UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba, za volti tano, zenyewe hazikati.

Halafu amua kwenye programu: stima ikirudi, vikumbusho vilivyopita vifanywe nini? Watu wengi hawafikirii hapa, kifaa kinawaka na kutapika vyote sita kwa pamoja. Mi nasema kilichochelewa chini ya nusu saa kiseme, kilichopita zaidi kiwashe taa tu mtu aangalie. Cha dawa kisijisemee kabisa kikichelewa, maana kinaweza kuangukia karibu na dozi nyingine.

Na weka taa inayopepesa kila sekunde chache kuonyesha kwamba kidude kiko hai. Ndani ya mwezi watoto na dada wa kazi wataacha kukumbuka wenyewe, watakitegemea, na kifaa kilichokufa kinakaa kimya sawasawa na kifaa ambacho muda wake haujafika. Bila hiyo taa mtajua kimekufa siku mtoto amelala mpaka saa tatu.

Fundi naomba unisaidie, gesi yangu huwa inaisha katikati ya wali, na wali wa wageni. Kuna kitu cha kunikumbusha inakaribia? Mtungi wangu ni wa kilo 15. (Mama wa Kimara, Dar)

Kipo mama, ni mizani. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, presha haikwambii kitu mpaka karibu kabisa na mwisho, kwa hiyo dawa ni kupima uzito. Kwenye shingo ya mtungi umegongwa uzito wa mtungi mtupu, fundi wako atatoa namba hiyo kwenye uzito wa sasa, kilichobaki ndo gesi. Anachukua sensa nne za uzito za kilo 50 50, zile za mizani ya kupimia watu, anaziunga kwenye moduli ya HX711 inayozisoma, anakutengenezea ubao wa kuwekea mtungi.

Sensa hizi zikibebeshwa mzigo usiku na mchana zinalegea taratibu, namba inasogea yenyewe, kwa hiyo usimwache akuwekee alamu ya gramu mia tatu. Weka kilo mbili. Na mwambie, hili mama mwambie kwa sauti, sensa peke yake ndo zikae chini, bodi, betri na kila kitu cha umeme kipande juu ukutani mbali na mtungi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatandaa sakafuni, na cheche ya chini ndo mbaya.

Sasa kukumbushwa lini? Ukikumbushwa unapopika haikusaidii, huwezi kuacha sufuria ukaenda dukani. Kikumbushe asubuhi, au kitume meseji kwa baba watoto mchana akiwa bado mjini. Uzito apime mashine, wa kubeba mtungi ndo apate meseji.

LUKU inatuishia usiku wa manane, mita inalia tumelala hatusikii. Naweza kuunganisha kitu kwenye mita kisome yuniti? (Mbeya)

Usiunganishe chochote na usiguse lakiri, hiyo ni kesi. Ila angalia usoni mwa mita, kuna taa ndogo nyekundu inapepesa mnapotumia umeme, na pembeni pameandikwa namba na imp/kWh, mfano 1000 au 1600. Maana yake taa ikipepesa mara hizo yuniti moja imekwisha. Bandika kwa nje sensa ya mwanga juu ya hiyo taa, ifunike na tepu nyeusi, ihesabu. Mkinunua umeme mnaingiza yuniti kwa mkono, kidude kinatoa taratibu, na kila wiki mnakilinganisha na mita maana itaruka mapigo mawili matatu. Kama mita yenu iko juu ya nguzo na ndani mna kile kidude cha kubonyezea namba tu, njia hii haiwezekani, msipande nguzo.

Kiambie kikumbushe saa kumi na mbili jioni, kwa hesabu: yuniti zilizobaki zinafika asubuhi au hazifiki kwa matumizi ya nyumba yenu? Kama zinafika kikae kimya, hata zikiwa tatu.

Naunguza maharage. Kila wiki. Nisaidie. (Morogoro)

Taima ndogo ya jikoni, ile ya kuzungusha kwa mkono, ila isibaki jikoni. Ivae shingoni na kamba uende nayo sebuleni, uani, kwa jirani. Simu pia inafaa kama hutaiacha kwenye chaji. Sihitaji kukuuzia sensa.

Mwalimu, nimetumia DS3231, nataka kioo kionyeshe saa za Kiswahili ili babu asome mwenyewe. Najumlisha sita ila asubuhi inaonyesha sifuri. Pia siku zinamchanganya usiku. (Mwanafunzi, Dodoma)

Uko karibu. Chukua saa ya kompyuta ya 0 mpaka 23, jumlisha 6, gawa kwa 12 chukua baki, na baki likiwa sifuri andika 12. Saa 8 inakupa 2, saa 20 inakupa 2 tena, kwa hiyo lazima uandike asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele yake, namba peke yake haimtoshi babu. Jaribu na 6 na 18, hapo ndo sifuri yako inatokea.

Siku: kompyuta inabadili siku saa sita usiku, ila babu kwake jua likizama ni usiku wa kuamkia kesho. Ukimwandikia "Ijumaa saa 2 usiku" anaweza kuelewa Alhamisi jioni, na kama ni dawa au safari basi imekula kwenu. Kuanzia saa 12 jioni kioo kiandike zote mbili, "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", kwa herufi kubwa, na kama kioo chako ni kile cha mistari miwili ya herufi 16 tafuta cha mistari minne, cha miwili hakitoshi ukiweka na saa yenyewe.